Wadogo Zako Wawili na Dawa ya Kahawa

Rhotia, Jumapili mchana

Emiliana binti yangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Mbulumbulu kumuaga shangazi yako, na baba yako amejilaza baada ya kanisa. Nina saa tatu hivi, pengine nne kama shangazi atakung'ang'aniza ule. Nikimaliza nitaiweka barua hii chini kabisa ya sanduku lako, chini ya mashuka, ili usiikute kabla hujafika Dar es Salaam. Nimekusudia iwe hivyo. Yaliyomo humu siwezi kukuambia ukiwa umekaa mbele yangu.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za wanaume wa mjini, wala za kufunga mlango. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka umeanza kuitikia "ndiyo mama" kabla sijamaliza. Barua hii ni ya jambo jingine, na nakuambia mapema kwamba naiandika kwa hasira. Nilitaka kwanza hasira ipoe. Nimengoja miaka na haijapoa, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo.

Ulipokuwa darasa la tano ulirudi kutoka shule siku moja ukaniuliza kwa nini uko peke yako. Wenzako wote walikuwa na wadogo wa kubeba mgongoni na wa kugombana nao. Ukaniuliza, "Au ulikataa kuzaa wengine?" Nilikupiga kofi. Hukulia. Ulichukua jembe ukaenda kwenye maharage ukalima mpaka jioni, na mimi nikakaa jikoni naona aibu, lakini sikukufuata. Sikuwahi kukuomba radhi. Nakuomba leo. Swali lako lilikuwa la haki, na jibu lake ni kwamba ulikuwa na wadogo wawili. Hawakufika kuzaliwa.

Unalikumbuka kidogo lile shamba la kahawa kule juu, karibu na msitu wa Ngorongoro. Tuliondoka ukiwa bado mdogo, lakini najua unakumbuka ukungu wa asubuhi na kengele ya kuwaita wachumaji, maana huwa unavisimulia. Mimi nilikuwa nesi wa zahanati ya shamba. Baba yako alikuwa dereva wa trekta. Wewe ulizaliwa wakati huo, mtoto mnene, bila shida yoyote. Ulipoanza kutembea, baba yako akapandishwa cheo, akawa mkuu wa wapiga dawa. Tulifurahi. Tulipewa nyumba ya vyumba viwili yenye sakafu ya saruji, na mimi nikaandika kwetu barua ya kujisifu.

Wapiga dawa walivaa bomba mgongoni, wakapita mstari kwa mstari wakinyunyizia kahawa. Hawakuwa na glavu wala kitu cha kuziba pua. Baba yako alirudi nyumbani ovaroli yake imelowa kuanzia mabegani hadi kiunoni, maana mabomba yalikuwa yakivuja. Mimi ndiye niliyefua. Ile ilikuwa miaka ya foleni za sabuni, na sabuni ikikosekana nilifua kwa majivu na mikono mitupu, nikisugua mpaka maji yanakuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Ngozi ya vidole ilibabuka. Nilipaka mafuta ya ng'ombe nikaendelea.

Dawa ilikuja katika madebe mazuri yenye vifuniko vya kukaza. Madebe matupu yaligombaniwa. Nyapara aliyagawa kama zawadi, na mke wa mkuu wa wapiga dawa hawezi kukosa. Nililisugua la kwetu kwa mchanga, nikalisuuza mara nyingi, nikalifanya la maji ya kunywa. Kila nyumba katika lile shamba ilikuwa na debe lake. Wengine walipikia pombe humo.

Mimba ya kwanza baada yako ilitoka ikiwa na miezi mitano. Ya pili ilitoka na miezi minne. Wa kwanza alikuwa mtoto wa kiume, nilimwona. Wa pili sikutaka kumtazama.

Wewe metimani, ile desturi yetu ya kutengwa, umeisikia kama habari za wazee. Mimi nimeikaa. Mwanamke ambaye mimba yake imetoka alionekana ana uchafu unaoweza kuwadhuru majirani, mifugo yao na mvua. Hakuruhusiwa kuingia nyumba ya mtu, wala kuomba moto, wala kuchota maji pamoja na wenzake. Kule shambani watu wengi walikuwa Wakristo, na serikali ilikuwa imekwisha kukataza mambo hayo, lakini bibi yako alikuja kutoka Rhotia kwa miguu kuhakikisha desturi inafuatwa. Mchana nilivaa sare nyeupe nikawazalisha wanawake wengine, maana zahanati ilikuwa ya shamba na meneja hakutambua metimani. Nikirudi nyumbani nilikuwa mtu wa kukaa peke yake. Simlaumu sana bibi yako. Alitumia maarifa aliyokuwa nayo. Mimi nilikuwa na maarifa zaidi na sikuyatumia.

Sasa nikuambie kuhusu Veronika. Wewe unamjua kama jirani anayetuletea maharage na asiyependa kelele za watoto. Kule shambani, kabla hajahamia huku kama sisi, alikuwa mchumaji, msichana mrefu mwenye kucheka ovyo, mkono wake mwepesi kuliko wote. Aliolewa na mpiga dawa mmoja katika kundi la baba yako. Alipoteza mimba tatu. Mara zote tatu alikuja kwangu akivuja damu, akiwa ametembea kutoka kitalu cha juu, na mara zote tatu nilimlaza, nikamsafisha, nikamwambia, "Pumzika. Usibebe kuni. Unajichosha." Nilimwambia hivyo nikiwa nimevaa sare, kwa hiyo aliamini. Mume wake naye aliamini kwamba mke wake ni mkaidi, anabeba kuni kwa makusudi. Baada ya ile ya tatu alimfukuza, akaoa mwingine. Huyo mwingine naye mimba yake ya kwanza ilitoka, lakini wakati huo Veronika alikuwa amekwisha kuitwa tasa, na hakuna aliyekwenda kumwomba msamaha.

Katika daftari la zahanati niliandika kila mimba iliyotoka. Kulikuwa na sehemu ya kuandika sababu. Niliandika "kazi nzito", au "malaria", au niliacha wazi. Nilikuwa na mwandiko mzuri. Nilipofungua kurasa za nyuma niliona mimba hizo zinavyoongezeka kila baada ya majira ya kupiga dawa, nikafunga. Emiliana, niliona. Usije ukasimuliwa na mtu kwamba mama yako hakujua.

Halafu akaja Dokta Salma.

Alikuwa mwanamke mfupi wa Tanga, mwalimu wa chuo kikuu, mwenye koti la baridi lililomzidi na sanduku la chupa za kioo. Alikuwa anatafiti dawa za mashambani na uzazi wa wanawake. Meneja alimruhusu kwa sababu alikuwa na barua kutoka wizarani, na kwa sababu nadhani alimdharau. Wageni wengine waliokuja kutoka mjini waliwauliza wanaume maswali, wakanywa chai ofisini, wakaondoka. Huyu alikaa chini pamoja na wachumaji wakati wa kuchambua kahawa, akachambua nao, vibaya, wakamcheka, kisha akaanza kuuliza.

"Nguo za mumeo unafulia wapi?"

"Hapo mferejini."

"Na maji ya kunywa yanatoka wapi?"

"Hapo hapo, juu kidogo."

"Unayaweka kwenye nini?"

Wanawake wakatazamana. Katika miaka yangu yote pale sikuwahi kumuuliza mgonjwa hata mmoja maswali hayo matatu.

Alichukua maji ya mfereji. Aliwaomba wanyonyeshaji maziwa kidogo kwenye chupa, wakakataa, wakidhani ni uchawi. Veronika ndiye aliyewazungukia nyumba kwa nyumba akiwashawishi. Yeye mwenyewe hakuwa na maziwa ya kutoa. Alisimama milangoni, kwa sababu ndani hakukaribishwa, akawaambia, "Mimi yamenikuta. Nataka kujua ni nini. Nyie hamtaki?" Wakatoa.

Kisha Dokta Salma akaniomba daftari. Tulilifungua mezani kwangu, yeye na mimi. Aliweka kidole kwenye jina moja baada ya jingine, akiuliza huyu alichuma kitalu kipi, na huyu mume wake anafanya kazi gani. Nilijibu. Baada ya kurasa chache aliacha kuuliza, akawa anageuza kurasa tu.

Nikamwambia, "Ni dawa, siyo?"

"Sijui bado," akasema. "Inawezekana. Nikisema ni dawa leo, kesho watanitupa nje na nyie mtabaki hapa hapa. Nipe muda nilinakili hili daftari lote. Hili ndilo litakalosema, siyo mimi."

Alisema atarudi baada ya wiki mbili na msaidizi wa kunakili. Kabla wiki hazijaisha meneja aliniita.

Sikuletewa vitisho, naomba ulielewe hilo. Nilipewa kiti na chai yenye maziwa. Meneja aliniuliza habari zako, unaendeleaje chekechea. Akaniuliza kama nyumba inavuja. Akasema baba yako ni mfanyakazi mzuri na kwamba angependa tukae pale miaka mingi. Halafu akasema, kwa upole, "Nesi, lile daftari la zamani limechakaa. Lilete nikupe jipya."

Nililileta. Nilikwenda mwenyewe zahanati nikalichukua, nikarudi nalo kwa miguu yangu, nikaliweka mezani kwake kwa mikono miwili kama tunavyompa mtu mkubwa kitu. Nililofikiria njiani ni ile sakafu ya saruji. Dokta Salma aliporudi nilimwambia daftari limeliwa na mchwa. Alifunga sanduku lake. Akasema, "Pole," basi.

Yeye hakukata tamaa. Aliomba kikao, na maafisa wakaja kutoka wilayani kwa Landrova, wakakaa kwenye banda la kupimia kahawa, sisi wote tumesimama. Dokta Salma alieleza aliyoyaona. Afisa mmoja aliyevaa suti ya Kaunda akamuuliza ushahidi wake uko wapi, naye akajibu ni maelezo ya wanawake wenyewe. Wanaume wakacheka kidogo, kile kicheko cha adabu. Ndipo meneja akasema, "Tunaye nesi hapa. Tumsikie mtaalamu."

Nikasimama mbele. Nikasema, "Hapa mimba zinatoka kwa sababu ya mizigo mizito na lishe duni. Na wengine hawafuati ushauri."

Veronika alikuwa mstari wa mbele. Niliposema "wengine hawafuati ushauri" kila mtu alimtazama yeye.

Nimeyaandika maneno yale kama nilivyoyasema. Nimeyabeba miaka yote hii, hayajapungua hata neno moja. Watu husema mtu akiogopa hajui anachofanya. Mimi nilijua. Sauti yangu haikutetemeka, na nilipomaliza nilitazama kama meneja ameridhika.

Siku iliyofuata asubuhi, Veronika alikuja nyumbani. Baba yako alikuwa kazini, wewe ulikuwa unacheza nje na maganda ya mahindi. Hakubisha hodi. Alipita moja kwa moja jikoni, yeye ambaye kwa miaka hakuingia nyumba ya mtu, akalibeba debe langu la maji, akayamwaga yote nje, akaligeuza. Ubavuni maandishi yalikuwa bado yanasomeka chini ya mikwaruzo ya mchanga, ya Kiingereza, na picha ya fuvu.

"Mimi sikusoma," akasema. "Wewe umesoma. Nisomee."

Nikainama nikaokota kifuniko.

"Nisomee, Mama Emi."

Nikamsomea, nikigeuza kwa Kiswahili. Ni sumu. Isiguse ngozi. Chombo hiki kisitumiwe tena kwa chakula wala maji. Kitobolewe na kufukiwa.

"Umeyasoma leo?"

Hapo ningeweza kudanganya tena, na sijui kwa nini sikudanganya. Nikamwambia ukweli. Niliyasoma siku ile ile nilipoletewa debe, kabla sijalisugua. Niliyasoma nikajiambia mchanga na majivu yanatosha. Niliyasoma nikiwa na mimba ya mdogo wako wa kwanza.

Veronika alikaa chini sakafuni. Sikumwona akilia hata zile mara tatu zahanati, na siku ile pia hakulia. Alisema, "Ulinilaza kitandani mara tatu ukaniambia ni kuni." Alikaa pale mpaka wewe ukaingia ukimwonyesha ganda la mahindi ulilolivalisha kitambaa kama mtoto. Akalipokea, akalitazama, akakurudishia. Kisha akaniuliza, "Hayo majina yaliyokuwa kwenye daftari, unayakumbuka?"

Hatukupatana siku ile, Emiliana. Mpaka leo sina hakika kama amenisamehe, na sijathubutu kumuuliza. Tulianza kazi tu. Nilichukua daftari la mistari ulilonunuliwa kwa ajili ya shule, tukaenda nyumba kwa nyumba baada ya saa za kazi. Wanawake hawakujua tarehe. Walijua mwaka tembo walipovunja uzio, mwaka wa mvua zilizobomoa daraja, msimu ambao mtoto wa fulani alibatizwa. Tulipanga kwa hayo. Baadhi walinifungia mlango kwa sababu ya maneno niliyosema bandani, na walikuwa na haki. Veronika alisimama nje akazungumza nao mpaka wakafungua. Walimfungulia yeye. Mimi niliandika tu.

Meneja alipata habari haraka. Sikufukuzwa kwa ajili ya hilo. Nilifukuzwa kwa kuchelewa kazini. Baba yako alipewa mwezi mmoja ahame, kisha naye akafukuzwa kazi. Tukaja hapa Rhotia kwenye kipande cha babu yako, kulima mahindi na maharage kama ulivyotuona.

Baba yako hakusema nami karibu msimu mzima. Alilima upande wake, nami wangu. Ulikuwa unabeba maneno yetu: mwambie baba chakula tayari, mwambie mama jembe limevunjika. Labda unakumbuka. Aliamini nimemvunjia heshima, kwamba nimemfanya aonekane ameua watoto wake kwa mikono yake. Sikuwa nimesema hivyo, lakini alisikia hivyo, na nadhani alikuwa akijiambia mwenyewe kila siku akilima.

Asubuhi moja tukiwa tunapura maharage alikuja akakaa kwenye gogo mbele yangu. "Lete hilo daftari lako," akasema. Nikalileta. Akafumba macho, akaanza kunitajia vitalu. Kitalu hiki tulipiga dawa hii mwanzo wa masika. Kile tulipiga mara mbili kwa sababu mvua iliosha. Wachumaji waliingizwa kesho yake asubuhi, majani yakiwa bado yamelowa, nyapara alisema kahawa haisubiri. Alikumbuka yote. Miaka yote ile alikuwa anayo kichwani, ameyafungia. Alipofika kwenye msimu wa mdogo wako wa pili, alitaja kitalu, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Unamjua baba yako asivyopenda kuulizwa kwa nini mikono yake inatetemeka. Usimuulize. Lakini ujue kwamba bila yeye daftari lile lingekuwa orodha ya misiba tu. Yeye ndiye aliyeonyesha msiba upi ulifuata dawa ipi.

Tulilipeleka kwa Dokta Salma kwa mkono wa padri aliyekuwa anasafiri. Alijibu baada ya miezi mingi. Barua yake ninayo, utaikuta pamoja na hii. Alisema amelia aliposoma. Alisema daftari ni kazi kubwa, lakini kamati iliyokaa ilimuuliza ni hospitali gani imelitia mhuri. Na alisema kuhusu chupa za maziwa. Maabara yao haikuwa na kifaa cha kupima kilichokuwemo, kwa hiyo chupa zilisubiri kibali cha kupelekwa nje. Wakati zinasubiri, jokofu likaharibika, na kipuri hakikupatikana. Maziwa ya wanawake wale yakaoza kwenye jokofu, Emiliana. Wanawake walioogopa uchawi wakakamua hivyo hivyo kwa sababu Veronika aliwaomba. Walikuwa wakiniuliza kila nilipokutana nao sokoni Karatu, "Majibu yametoka?" Nikawaambia bado. Walikuja kuacha kuuliza.

Unataka kujua shamba lilifanya nini? Lilianza kutoboa madebe. Hilo tu. Hakuna aliyekiri, hakuna aliyeomba radhi, hakuna mwanamke aliyeambiwa lolote. Vikaletwa msumari na nyundo, na kila debe likatobolewa kabla ya kutupwa. Watu wengine huniambia huo ni ushindi. Mimi nikifikiria ule msumari ndipo damu inaponichemka zaidi, kwa sababu maandishi ya kutoboa yalikuwepo ubavuni tangu debe la kwanza. Walijua nini cha kufanya, na kilikuwa chepesi kiasi hicho.

Wewe unakwenda kusomea kazi ya maabara. Unasema umependa darubini kwa sababu ya mwalimu wako wa baiolojia, na nimefurahi kwamba imetokana na furaha. Sikutumi kulipiza kisasi cha mtu. Ukitaka maisha yako yote kupima malaria, pima malaria. Ila ipo siku italetwa chupa mezani kwako, imechelewa, lebo imefutika nusu, na mkubwa wako atakuambia itupe, haina maana. Huenda ni kweli haina maana. Nakuomba kabla ya kuitupa ujiulize aliyeitoa alitembea kutoka wapi, na anamngojea nani amletee jibu. Hata jibu la kwamba imeharibika, lipelekwe kwake. Mimi sikulipeleka. Nilikuwa naona haya.

Na siku utakayoitwa ukapewa kiti na chai, hiyo utaitambua. Mimi sina la kukufundisha hapo isipokuwa kwamba nilikunywa ile chai ikawa tamu.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya niandike leo na siyo mwaka ujao. Wauza duka hapa Rhotia wameanza kuuza dawa ile ile ya kahawa, ya kupigia maharage, imemiminwa kwenye chupa za soda, bila maandishi kabisa. Mwezi uliopita binti wa jirani, umri wako, aliletwa kliniki ya misheni ninakofanya kazi, mimba imetoka, nguo zake zinanuka harufu ninayoijua. Nilishika kalamu, na mkono wangu ukataka kuandika "kazi nzito". Baada ya yote hayo. Mkono umezoea.

Niliandika nilichokiona. Kisha Jumanne nilikwenda Mbulu, ofisi ya afya, nikiwa nimevaa sare. Nilipeleka maelezo ya kurasa sita: daftari lilikwenda wapi, mimi nilisema nini bandani, na kwamba nilisema uongo nikiwa muuguzi aliyeapa. Karani akasoma ukurasa wa kwanza akaniuliza, "Mama, haya mambo ya zamani yana faida gani sasa?"

Nikamwambia, "Andika tarehe uliyoyapokea, na utie mhuri."

Alitia. Baba yako anajua, Veronika anajua. Inawezekana wakanifuta uuguzi, na watakuwa hawajanionea. Inawezekana pia wasifanye lolote, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Ukisikia nimesimamishwa kazi, usipande basi kuja kuniliwaza. Kaa huko usome.

Nasikia mbwa anabweka kule njiani, huenda ni wewe unarudi. Emiliana, kama ukimaliza kusoma haya ukanikasirikia, nikasirikie. Usijilazimishe kunihurumia kwa sababu mimi ni mama yako. Niandikie hivyo hivyo, kwa maneno yale yale yatakayokujia kwanza. Nitaisoma barua yako peke yangu, kisha nitaipeleka kwa Veronika nimsomee yote, bila kuruka neno.

Ni mimi mama yako,
Yulitha